Kabla ya Kukata Midomo: Hesabu ya Banda la Kuku Ishirini

Kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, mfuko wa chakula cha kuku wa mayai na mfuko wa pumba za mahindi hupangwa karibu karibu, na tofauti ya bei zake ndiyo inayowaponza wafugaji wengi wa uani. Mtu ana kuku ishirini nyuma ya nyumba, iwe Kimara au Kihonda. Wanataga vizuri, kisha bei ya chakula inapanda. Anaanza kuchanganya, nusu chakula cha dukani, nusu pumba. Kuku wanashiba, mfuko unachelewa kuisha, na kwa wiki mbili tatu anaona amepata. Baadaye anamkuta kuku mmoja ana kipara juu ya mkia, halafu wa pili, na asubuhi moja anamkuta wa tatu amekufa, utumbo umevutwa nje. Majirani wanamwambia dawa ni moja tu: kata midomo.

Naupinga ushauri huo, na ninaupinga kwa hesabu. Bei nitakazotumia hapa ni za kupigia mfano, kwa shilingi ya Tanzania. Dar es Salaam na Mbeya hazifanani, na hata duka moja hubadilika kati ya msimu wa mavuno na miezi ya njaa. Weka bei za kwenu, njia ya kuhesabu ni ileile.

Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Tuchukue 120. Ishirini wanakula kilo 2.4, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unafika siku ya ishirini na kidogo. Mfuko ukiwa 75,000, kilo ni 1,500 na siku moja ni 3,600. Pumba tuziweke 500 kwa kilo. Ukichanganya nusu kwa nusu, kilo inashuka hadi 1,000 na siku inakuwa 2,400. Umeokoa 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Ni pesa ya maana kwa familia yoyote, na sishangai watu kuifuata.

Sasa tazama kilichomo ndani ya mchanganyiko huo. Chakula cha kuku anayetaga kinatakiwa kiwe na protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10, na kalsiamu yake ni kama hakuna. Ukichanganya nusu kwa nusu, protini inashuka hadi 13 hivi, kalsiamu inabaki chini ya 2, na chumvi na vitamini zilizopimwa kiwandani zimekatwa karibu nusu. Kuku ishirini waliokuwa wakitaga mayai 16 kwa siku wakishuka hadi 12, na yai unaliuza 300, umepoteza 1,200. Akiba yote imekwenda. Na kuku akipewa chakula chepesi hula zaidi ili ajazie, kwa hiyo hata zile kilo 2.4 hazitatosha. Hapo bado hatujamhesabu aliyekufa, ambaye kwa bei ya 18,000 ni akiba ya nusu mwezi.

Kifo hicho kinahusianaje na pumba? Unyoya karibu wote ni protini, na aina ya protini iliyomo inahitaji sana methionini, kirutubisho ambacho nafaka zetu hazina kwa wingi. Kuku anayepungukiwa methionini au chumvi huanza kuitafuta popote, na mgongo wa mwenzake uko karibu. Kuna alama moja ambayo mfugaji anaweza kuiangalia leo jioni bila kulipa senti. Inama bandani utazame sakafu. Kundi lenye afya huacha manyoya madogo madogo kwenye takataka za sakafuni, kwa sababu kuku hupukutisha. Ukiona migongo ina vipara na sakafu haina hata unyoya, maana yake yanaliwa. Tazama pia vipara vyenyewe kwa karibu: unyoya mpya unaochipua una mrija mweusi mweusi uliojaa damu, na ukivunjwa damu inachuruzika. Tone hilo jekundu kwenye ngozi nyeupe linavuta mdomo wa kila kuku aliye karibu. Kuanzia hapo shida ya chakula imegeuka kuwa tabia, na tabia hii kuku huigana.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: ninunue chakula kilichokamilika, au nichanganye mwenyewe? Wapo wanaochanganya vizuri sana. Mchanganyiko wa kilo 100 unaoweza kusimama ni kama huu: mahindi yaliyoparazwa kilo 45, pumba za mahindi 13, mashudu ya alizeti 20, dagaa 7, soya iliyokaangwa 5, chokaa ya mifugo 8, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) kilo 1 na gramu 200, chumvi gramu 300, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 250, na lisini na methionini jumla gramu 250. Protini yake inakaribia asilimia 16.6. Mahindi yakiwa 900 kwa kilo, mashudu 800, dagaa 4,000, soya 2,000, na vingine kwa bei za kawaida za duka, pamoja na kulipia mashine, unatoka na kama 118,000. Hiyo ni 1,180 kwa kilo dhidi ya 1,500 ya dukani. Kwa kuku ishirini ni akiba ya kama 23,000 kwa mwezi.

Nisingeichukua akiba hiyo kwa kuku ishirini. Kilo 100 zingewachukua siku 40, na chakula kilichosagwa chenye dagaa na mashudu hakipendi kukaa hivyo kwenye joto la pwani. Mafuta yanachacha, vitamini zinapungua nguvu, na unyevu ukiingia ukungu unaota. Ukichanganya kilo 50 kwa mara moja, nauli ya bodaboda kuzungukia mahindi huku, mashudu kule na premiksi dukani inamega sehemu kubwa ya faida. Kisha kuna dagaa. Dagaa wa kuku huuzwa na mchanga wake, na mchanga haulishi. Chukua gao moja, liloweke kwenye ndoo ya maji, koroga, mwaga maji taratibu, utaona kilichobaki chini. Mfugaji wa kuku mia anaweza kupoteza asubuhi kwa kazi hiyo na ikamlipa. Wa ishirini anunue mfuko uliokamilika, aangalie tarehe iliyo kwenye lebo iliyoshonwa, aunuse na auguse. Chakula kilichoganda mabonge au chenye harufu ya uvundo kirudishwe.

Ila kama unachanganya mwenyewe, usije ukawaondoa dagaa bei ikipanda. Ukiwaondoa kilo saba na kujazia pumba, protini inaanguka hadi 13.5. Akiba yake kwa kuku ishirini ni kama 17,600 kwa mwezi, yaani bei ya kuku mmoja. Kundi linalodonoana halimalizi mwezi kwa kupoteza mmoja.

Kati ya chakula cha unga na cha peleti, uani chukua cha unga. Peleti hazimwagiki ovyo na kuku hawezi kuchagua punje, lakini anazimaliza upesi na siku inabaki ndefu mbele yake. Cha unga humshughulisha kwa saa nyingi zaidi. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Mwaka 1989 mwanasayansi wa Uingereza, Marian Stamp Dawkins, alichapisha utafiti wa jinsi kuku-mwitu mwekundu, babu wa kuku wote tunaofuga, anavyotumia siku yake. Alikuta kwamba zaidi ya nusu ya muda kuku wale walikuwa wakidonoa ardhi, ingawa walikuwa wakiletewa chakula. Miaka michache kabla yake, Mholanzi Harry Blokhuis alikuwa ameshaonyesha kwamba kunyonyoana manyoya ni ule ule udonoaji wa ardhi uliokosa ardhi. Kuku wa leo ana hamu hiyo hiyo kichwani. Ukimpa sakafu ya saruji tupu, mdomo utahamia kwa jirani yake.

Ndiyo maana shilingi bora kuliko zote katika banda ni ya matandiko. Banda la mita mbili kwa mbili na nusu, linalowatosha kuku ishirini kwa nafasi ya kuku wanne kwa mita moja ya mraba, linahitaji nusu mita ya ujazo ya maranda ili kina kifike sentimita kumi, yaani magunia matano hivi. Kwa fundi seremala yanauzwa, na hata ukilipa 2,000 kwa gunia ni 10,000 ambazo zitakaa miezi ukiyageuza na kuondoa yaliyolowa. Kwa walio karibu na mashine za mpunga, Mbarali, Kilombero, Kahama, maganda ya mpunga hupatikana kwa bei ndogo kabisa, pengine bure. Maranda yananyonya unyevu vizuri zaidi. Maganda ya mpunga ni mepesi na kuku hupenda kuyachakura. Nisichokipendekeza ni unga wa mbao, ule wa msumeno. Unatimka, unaingia kwenye mapafu, na vifaranga huula.

Juu ya matandiko hayo rusha gramu mia za mtama au mahindi yaliyoparazwa kila siku saa tisa alasiri, zisambae banda zima. Gharama yake ni kama shilingi mia. Kabichi lililoning'inizwa kwa kamba, usawa wa shingo ya kuku aliyeinua kichwa, linaweza kuwashughulisha mchana wote. Wauza mboga sokoni wana majani ya nje wanayoyatupa. Mchicha, matembele na majani ya mlonge yanafanya kazi ileile na kuongeza lishe.

Kabla ya kununua kitu kingine chochote, mshike kuku aliyejeruhiwa uangalie jeraha liko wapi. Jambo hili naliona linapuuzwa kuliko yote, na ndilo linaloamua pesa yako iende wapi.

Jeraha likiwa kichwani, kwenye upanga au nyuma ya shingo, huo ni ugomvi wa cheo. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe ndiye aliyeueleza kitaalamu miaka ya 1920: kila kuku anajua nani wa kumdonoa na nani wa kumkimbia. Ngazi hiyo ikishapangwa, banda linatulia. Inavurugika ukileta mgeni, ukichanganya umri, au vyombo vya chakula vikiwa vichache hata mbabe mmoja akaweza kuvilinda. Dawa yake ni chombo cha pili, kiwekwe upande mwingine wa banda. Ukitumia birika refu, kila kuku apate sentimita kumi za kulia; cha duara, sentimita nne zinatosha. Chombo cha plastiki cha kuning'iniza ukikipata kwa 15,000, ni chini ya bei ya kuku mmoja. Kama ni lazima kuongeza kuku, usilete mmoja peke yake. Leta wawili au watatu, wakae nyuma ya wavu ambapo wanaonana kwa wiki nzima, kisha waingize usiku.

Jeraha likiwa mgongoni na juu ya mkia, rudi kwenye chakula na sakafu kama nilivyoeleza. Ila kwanza pekua chini ya mbawa na kuzunguka mkia kwa tochi usiku, kwa sababu utitiri na chawa humfanya kuku ajidonoe mwenyewe mpaka atoe damu, na wenzake wanamalizia. Karai la mchanga mkavu na majivu ya kuni, la kuogea vumbi, halina gharama, na kila banda linafaa kuwa nalo.

Jeraha likiwa kwenye tundu la kutagia, hilo ndilo linaloua, tena haraka, na chakula peke yake hakitalimaliza. Mtetea anapotaga, sehemu hiyo hutokeza nje kwa muda mfupi ikiwa nyekundu na yenye unyevu. Akitagia gizani kwenye kiota, hakuna anayeiona. Akitagia katikati ya banda penye mwanga, inadonolewa. Hatari ni kubwa zaidi mitetea inapoanza kutaga, wiki ya 18 hadi ya 22, na kwa mitetea iliyonenepa au inayotoa mayai makubwa mapema. Kwa hiyo viota viwe tayari kabla ya yai la kwanza: kimoja kwa kuku wanne au watano, kikiwa na pazia la gunia mbele na majani makavu ndani. Hapa usinunue kitu. Makreti ya soda yaliyochakaa, ndoo kubwa iliyolazwa, mabanzi yaliyogongwa pamoja, vyote vinafaa.

Vichanja vya kulalia vinahitaji jicho. Kila kuku apewe sentimita 15 hadi 18. Kosa la kawaida ni kuviweka chini mno, sentimita 30 au 40 kutoka sakafuni, ambapo sehemu ya nyuma ya kuku aliyekaa inakuwa sawasawa na mdomo wa aliyesimama chini. Viinue hadi sentimita 70 hivi, na uweke kimoja cha kupandia kwa ajili ya wazito. Chotara kama Saso na Kuroiler ni wazito na wakiruka kutoka juu huumia miguu, kwa hiyo ngazi fupi ya fito inawasaidia.

Kuhusu banda lenyewe, wafugaji huniuliza sana kama wajenge kwa tofali. Kwa upande wa kudonoana, tofali halina faida yoyote juu ya mabanzi na wavu. Tofauti ya bei kati ya kuta hizo mbili inaweza kuwa ya laki kadhaa, na pesa hiyo ingefaa zaidi kuongeza ukubwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya, zilizokamilika kutekelezwa mwaka 2012, zinaruhusu hadi kuku tisa kwa mita moja ya mraba katika mabanda ya mashamba yasiyotumia vizimba. Kule banda lina feni, vipimo na mtu wa kulikagua kila siku. Uani kwetu, chini ya bati, Januari ya Dar es Salaam, tisa ni wengi mno. Joto lenyewe huwafanya wakorofi. Kama uwanja unaruhusu, zungushia wavu sehemu ya nje, hata ya mita kumi za mraba, yenye kivuli cha mti au jamvi. Kuku anayekimbizwa apate pa kukimbilia. Weka vizuizi, tofali chache zilizopangwa au tawi la mti, aweze kujificha asionekane. Vile vizimba vya chuma vya ghorofa vinavyoagizwa kutoka nje vinapendeza kwenye picha na vinaokoa nafasi, lakini vinamnyima kuku ardhi, na kwa kundi la ishirini bei yake haitarudi upesi.

Mwanga ni jambo dogo kwa gharama. Jua la jioni likiingia moja kwa moja kupitia wavu, hasa upande wa magharibi, ning'iniza gunia au makuti. Usiku, wanaoongeza saa mbili au tatu za taa ili kuku watage wasitumie balbu kubwa. Katika chumba cha mita tano za mraba, balbu ya LED ya wati tatu, yenye mwanga wa manjano hafifu, inatosha kabisa. Balbu nyekundu husaidia kutuliza kundi ambalo tayari lina majeraha, kwa sababu chini yake damu haionekani vizuri.

Sasa midomo. Kazi hiyo hulipwa kwa kichwa, na kwa kuku ishirini inaonekana rahisi kuliko vyote nilivyovitaja. Lakini mdomo wa kuku si ukucha. Una mishipa ya fahamu mpaka karibu na ncha, na ukikatwa kwa mkasi au kisu cha moto kwa kuku mkubwa, kuku huacha kula kwa siku kadhaa na anaweza kubaki na maumivu ya kudumu. Wanaokata kitaalamu hukata vifaranga wa siku chache tu. Uholanzi ilipiga marufuku ukataji huo mwaka 2018, na kuku wao wako maelfu kwa maelfu katika banda moja. Kama wao wanajaribu kuishi na midomo mizima, mwenye ishirini hana sababu. Tena kuku aliyekatwa hashiki vizuri punje wala mdudu ardhini, kwa hiyo unakuwa umeharibu ile shughuli ya kuchakura ambayo ingemtuliza. Sababu ikiwa ni pumba nyingi, pumba bado ziko kwenye chombo.

Aliyejeruhiwa mtenge siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Osha kidonda kwa maji ya chumvi au iodini, mweke nyuma ya wavu ndani ya banda lilelile ili wenzake wasimsahau, na umrudishe ngozi ikishapona na manyoya yameanza kufunika. Oili chafu ya magari ambayo wengine hupaka ni sumu, na ataimeza anapojisafisha manyoya. Dawa ya kupuliza yenye antibiotiki muulize daktari wa mifugo kwanza, pamoja na siku ambazo mayai hayatakiwi kuliwa.

Mara nyingi pia mkosaji ni mmoja. Kaa kimya pembeni ya banda nusu saa, mchana, baada ya kula. Utamwona: ana manyoya kamili, yanang'aa, anatembea nyuma ya wengine taratibu akiwalenga kwenye mkia. Mtenge peke yake wiki mbili kwa chakula kizuri na majani ya kutosha. Akirudi akaendelea, muuze angali anataga, au mchinje.